Punguza picha kabla ya kuipandisha dukani
Duka la mtandaoni likifunguka kwa kujikokota, anza na picha za bidhaa. Zipunguze kabla ya kuzipandisha: upana uwe mara mbili ya nafasi iliyopo kwenye ukurasa (mara mbili kwa sababu skrini nyingi za simu zina pikseli zilizosongamana). Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12. Kama nafasi yake ina upana wa pikseli 400, basi 800 kwa 600 inatosha, na hiyo ni sehemu moja tu ya 25. Kuipunguza kwa CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) hakuokoi kitu, maana kivinjari hupakua faili lote kwanza ndipo kiibane picha. Kuhifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha linalobanwa zaidi) huongeza nafuu, lakini upana na urefu wa picha ndio wa kushughulikia mwanzo.

Bidhaa ambayo mteja hutaka kukagua hadi mshono, iwekee picha nyingine kubwa, ipakuliwe akibofya tu. Na ukurasa ukibaki mweupe muda mrefu hata maandishi hayajatokea, usihangaike na picha. Kagua seva, au skripti (programu ndogo za ukurasani) za matangazo na gumzo.