Somo: Kuhesabu kusambaa kwa ugonjwa, siku baada ya siku

Nimeulizwa jambo hili kwa ujumbe binafsi mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika mara moja ili kila atakayeuliza nimwelekeze hapa.

Hatua ya 1. Gawa watu katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa (H), wagonjwa wanaoambukiza (W) na waliopona wakiwa na kinga (P). Huu ni mgawanyo wa Kermack na McKendrick wa mwaka 1927.

Hatua ya 2. Anza na H 999, W 1, P 0.

Hatua ya 3. Weka viwango viwili. Kiwango cha kupona ni 1 kugawanywa kwa siku ambazo mgonjwa huambukiza. Siku 5 hutoa 0.2 kwa siku. Kiwango cha kuambukiza tuchukue 0.4 kwa siku. Ukigawanya 0.4 kwa 0.2 unapata 2, yaani watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza pasipo na mwenye kinga. Hapa ndipo nilipoharibu kazi nzima: takwimu zangu zilikuwa za wiki, nikapata 2.8 kwa wiki, nikaigawanya kwa 0.2 ya siku, na jibu likawa 14, namba inayolingana na ya surua. Nikawaambia wenzangu kwamba kinga lazima iwafikie asilimia 93 ya watu (1 − 1 ÷ 14), ilhali ilitosha kuvuka 50 (1 − 1 ÷ 2). Andika "kwa siku" au "kwa wiki" kando ya kila namba, wala usiweke 5 mahali pa 0.2.

Hatua ya 4. Wagonjwa wapya wa siku ni 0.4 × H × W ÷ 1,000. Wanaopona ni 0.2 × W. Siku ya kwanza ni 0.3996 na 0.2, hivyo W inakuwa 1.1996, H 998.6004 na P 0.2. Usikadirie hadi namba kamili, kwa sababu 0.3996 itageuka sifuri na ugonjwa hautasambaa kamwe.

Hatua ya 5. Rudia hadi W ikaribie sifuri. Jumla ibaki 1,000 daima.

MASWALI

Swali: Yangu inatoa namba hasi, tatizo nini?
Jibu: Hukutaja viwango vyako, kwa hiyo siwezi kujua. Soma tena Hatua ya 4. Wengi husahau kugawanya kwa 1,000.

Swali: Mwalimu, kwangu wameugua karibu watu 800. Ikiwa kinga ya nusu inatosha, mbona ugonjwa haukukoma kwa 500?
Jibu: Umeuliza jambo la maana sana. H inapofika 500, kila mgonjwa huambukiza mmoja tu na W huacha kupanda, lakini wakati huo wapo wagonjwa 150 na ushei, nao huendelea kuambukiza huku wakipungua. Chanjo huifikisha jamii hapo bila wagonjwa hao. Jaribu kuanza na H 499, W 1, P 500: siku ya kwanza W hushuka hadi 0.9996.

Swali: Na chanjo ikikinga asilimia 80 tu ya wanaoipata?
Jibu: Gawanya 50 kwa 0.8; unahitaji kuvuka asilimia 62.5.

Nyongeza ya mwanachama: Mwanzoni W hujirudufu kwa chini ya siku 4, kwa hiyo ukichora logi (logarithimu) ya W siku baada ya siku utaona mstari ulionyooka.
Jibu: Ni kweli, na mstari huo hufichua kosa la viwango mapema. Kwa surua ongeza kundi la nne, la walioambukizwa ambao bado hawaambukizi. Mstari utalala zaidi.