Umekodi cheni bloku au manlifti? Ikague ikiwa bado kwenye gari

Wengi wetu tukikodi kifaa cha kunyanyulia, iwe cheni bloku (ile ya kupandisha mzigo kwa kuvuta mnyororo) au manlifti (mashine ya kupandisha watu kwenye kikapu), tunauliza bei ya siku na nani analipa nauli, basi, cheti tunakikumbuka siku mtu wa usalama akitokea saiti. Mi nakushauri ukague kifaa kikiwa bado kwenye kirikuu, kabla hujasaini delivari (karatasi ya kupokea kifaa), maana ukishashusha na kusaini ubovu wote ni wako.

Anza na cheti. Cheti ni cha kifaa, sio cha kampuni. Kila cheni bloku ina namba yake imegongwa kwenye bodi au kwenye kibati, na hiyo ndo lazima ifanane na ya kwenye karatasi. Kuna siku tulikodi ya tani 3 kupandisha jenereta, nikaletewa cheti safi kina muhuri kabisa, kusoma namba sio yenyewe. Jamaa anasema "zote zinafanana bosi, zilinunuliwa pamoja". Zinafanana nini sasa, moja imekaguliwa nyingine haijakaguliwa! Ikarudi na kirikuu kilekile na nauli nikalipa mimi, iliniuma ila sawa tu.

Alafu tarehe ya ukaguzi kwenye cheti. Huku kwetu Tanzania wanaosimamia ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, chini ya sheria ya 2003. Kenya sheria yao ya 2007 inataka minyororo, kamba na vifungio (mikanda, ndoano na vingine vya kushikia mzigo) vikaguliwe kila miezi 6 na mtu aliyeidhinishwa. Uingereza nao, kwa kanuni za 1998, ni miezi 6 kwa mashine inayopandisha watu na kwa vifungio, miezi 12 kwa nyingine. Nawataja kwasababu unaweza ukakuta manlifti ya mtumba bado ina stika ya huko, opereta anakuonyesha kwa kujiamini, kumbe iliisha kabla mashine haijapanda meli.

Ila hata cheti kizima kinakuambia kifaa kilikuwaje siku ile tu, na tangu siku ile wameshakikodi watu kibao, sijui wa mwisho alining'iniza nini. Kwahiyo tumia macho yako. Ndoano ikiwa imefunguka mdomo au imejipinda, rudisha, na kile kilimi cha kuzuia mkanda usichomoke kiwepo na kirudi chenyewe ukikiachia. Kamba ya waya usiipitishe mkono mtupu, ishike na kitambaa cha pamba uvute taratibu, pale kitambaa kinaponasa ndo nyuzi zimekatika. Mikanda rangi zake kwa kawaida ni zambarau tani 1, kijani 2, njano 3, kijivu 4, nyekundu 5, lakini jua linapausha rangi, amini lebo, na kama lebo imechanika mkanda huo haufai hata kama unaonekana mpya. Na kumbuka pembe, ukinyanyua kwa mikanda miwili iliyolala mpaka digrii 30 kutoka usawa wa mzigo, kila mkanda unabeba uzito sawa na mzigo wote, sio nusu.

Breki ya cheni bloku ijaribu hivi: nyanyua mzigo kidogo tu kutoka chini, piga alama ya chaki ukutani usawa wake, subiri dakika kadhaa. Mzigo ukiwa umeshuka chini ya alama, breki imekwisha.

Manlifti ijaribu kwanza bila mtu kwenye kikapu, kwa vitufe vya chini. Bonyeza kitufe chekundu uone kama kweli inasimama, alafu mwambie opereta akuonyeshe namna ya kushusha kikapu injini ikizima, akianza kujikuna kichwa usimpandishe mtu. Angalia na ardhi pia, Dar karo za choo ziko mpaka kwenye paking, mfuniko umefukiwa na mchanga hata mwenye nyumba kasahau, gurudumu likikaa hapo mashine inalala.

Skafodi (jukwaa la kusimamia mafundi) sina mengi: pini zote ziwepo (waya wa kufungia nondo sio pini), miguu ikae kwenye bati zake, na mbao zilizopakwa rangi kataa, rangi inaficha nyufa.

Kila ulichokiona kiandike kwenye delivari mbele ya dereva, asaini na yeye, piga picha ya namba na ya ubovu. Kifaa ulichokikataa kikilala saiti kifunge na kitambaa chekundu au kifungie stoo, la sivyo asubuhi unakuta fundi kashakitundika.