Somo: Jani la maharagi linavyojipikia

Hapa Goma ukimuuliza mtu maharagi yanakula nini, atajibu: udongo. Simlaumu, udongo wetu wa volkano unazaa sana. Ila udongo unatoa maji na chumvichumvi tu. Chakula chenyewe, sukari na wanga, mmea unajipikia kwa maji, hewa ya ukaa na mwanga. Badala ya kubishana, tupike tuone.

Tafuta mche wa maharagi ulioota ndani ya kopo, alkoli ya asilimia 90 ya farmasi, iyodi ya kahawia ya kupaka vidonda, karatasi ya aluminiamu, glasi, sufuria na mbabula, yaani jiko la makaa. Njia si yangu: Julius Sachs wa Ujerumani alipima wanga wa majani kwa iyodi miaka ya 1860.

1. Fungia kopo kabatini, gizani, siku mbili, ili mmea umalize wanga uliojiwekea. Mara ya kwanza niliiruka hatua hii kwa haraka zangu. Jani zima likawa jeusi mbele ya darasa, na mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, sasa tumeona nini?"

2. Kabla ya kulitoa, zungushia aluminiamu katikati ya jani moja, juu na chini. Kisha kopo lipate jua saa sita.

3. Chuma jani, toa aluminiamu, lichemshe dakika moja mpaka lilegee.

4. Sasa epua sufuria, ipeleke mbali kabisa na mbabula. Mvuke wa alkoli unashika moto upesi, kwa hiyo chupa isifunguliwe karibu na makaa. Tia jani ndani ya glasi yenye alkoli, glasi uisimamishe katika yale maji ya moto. Polepole alkoli inakuwa kijani, jani linapauka kama karatasi ya zamani. Kijani hicho ndicho klorofili, kinachonasa mwanga.

5. Jani sasa limekakamaa na linavunjika. Lichovye kwenye maji ya moto, litandaze juu ya sahani nyeupe, dondoshea iyodi. Palipopigwa jua panakuwa bluu ya kukaribia weusi, palipofunikwa panabaki na rangi ya dawa tu. Mpaka kati yao unaonekana kama umepigwa rula. Weusi huo ni wanga. Dondoshea iyodi kwenye ugali uliolala, utaona rangi ileile.

MASWALI

Mama Furaha: Mwalimu, lengalenga yangu ni nyekundu. Nayo inajipikia?

Ndiyo, mama. Kijani kimo, kimefunikwa tu. Ukiichemsha, si wekundu unaenda kwenye maji na mboga inabaki kijani?

Kambale: Kama mimea inakula hewa ya ukaa, tupande miti kwenye mazuku, yale mabonde yenye hewa ya ukaa inayoua, imalize ile hewa.

Hapana, ndugu yangu. Katika hewa ya kawaida gesi hiyo ni kama asilimia 0.04 tu, na jani limezoea kiasi hicho. Kwenye mazuku inatoka ardhini usiku na mchana, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inatuama mabondeni. Usiku jani haliipiki kabisa, na mizizi nayo inahitaji oksijeni. Kaa mbali, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka.

Zawadi: Na ziwani nani anawapikia sambaza, wale samaki wadogo?

Mwani mdogo usioonekana kwa macho. Unaishi juu juu, kwa sababu Kivu ina kina cha mita 485 hivi na mwanga haufiki mbali. Vidudu vya majini vinakula mwani, sambaza wanakula vidudu. Sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwani waliukuta.

Kambale: Nimejaribu. Niliweka gizani usiku mmoja tu. Jani lote jeusi!

Karibu chamani, Kambale. Rudisha kopo kabatini.