Somo: Kunasa kumbukumbu iliyoguswa baada ya kuachiwa kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux

Wakuu, salaam. Hii ndiyo hitilafu inayonitesa kuliko zote. Draiva inaachia kipande cha kumbukumbu kwa kfree, kisha inakigusa tena. Wakati huo SLUB, kigawa kumbukumbu cha Linux, huenda kimeshampa mwingine kipande kile kile, na anayeanguka ni msimbo usio na kosa. Ukiufukuzia huo utakesha bure.

Hatua ya 1. Jengeni kerneli yenye CONFIG_KASAN=y (KASAN ni kikaguzi cha kumbukumbu cha kerneli), muiwashe ndani ya QEMU, programu ya kuigiza kompyuta, si kwenye mashine yenye kazi zenu. KASAN imo tangu toleo la 4.0, mwaka 2015. Kwa kila baiti 8 hutenga baiti 1 ya kivuli, inayosema kama kuzigusa ni halali. Kilichoachiwa nacho hukiweka karantini kwanza, kisigawiwe upesi.

Hatua ya 2. Rudieni kitendo kinachoangusha, msome dmesg (ujumbe wa kerneli). Mtakuta mifuatano mitatu ya miito: aliyegusa, aliyeomba ("Allocated by task") na aliyeachia ("Freed by task"). Wengi huishia kwa wa kwanza. Mimi huanza na wa tatu, maana mara nyingi kesi ni ya aliyeachia mapema. Pitisheni ripoti kwenye scripts/decode_stacktrace.sh mpate faili na mstari.

Hatua ya 3. Tazameni vitanzi vya kusafisha orodha:

list_for_each_entry(p, &orodha, nodi)
    kfree(p);

Ili kisonge mbele, kitanzi husoma p->nodi.next, na p ameshaachiwa! Dawa yake:

list_for_each_entry_safe(p, n, &orodha, nodi) {
    list_del(&p->nodi);
    kfree(p);
}

Kisha rudieni hatua ya 2 mara nyingi, si mara moja.

MASWALI

— Mkuu, RAM yangu ndogo, KASAN inanielemea.
— Ongeza slab_debug=FZPU kwenye vigezo vya kuwashia kerneli (matoleo ya zamani ni slub_debug). Kilichoachiwa hujazwa 0x6b. Ukiona 6b6b6b6b kwenye rejista, umeshika kipande kilichokwisha kuachiwa.

— Hiyo _safe inanilinda uzi (thread) mwingine ukigusa orodha?
— Hapana ndugu, inakulinda wewe unayefuta tu. Kwa uzi mwingine weka kufuli. Na ukiwa umeshika spinlock (kufuli ambalo mwenye kulishika haruhusiwi kulala) usiombe kumbukumbu kwa GFP_KERNEL, inaweza kulala, tumia GFP_ATOMIC.

— Nikiweka p = NULL baada ya kfree?
— Umefuta kielekezi kimoja. Tafuta nani mwingine bado ana anwani ile.