Mshipi unaojikunja: mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda kuvua kwa nzi bandia

Asubuhi ile maji yalikuwa ya baridi na samaki walikuwa juu, wakinyakua wadudu kimya kimya. Nilivuta mshipi kutoka kwenye rili, kile kifaa cha kuviringia mshipi kwenye fimbo, ukaanguka miguuni pangu viduara viduara kama springi. Sikuunyoosha. Nilirusha, trauti akamchukua nzi na kuondoka kwa kasi. Kiduara kimoja kikadandia kingine, vikapanda pamoja hadi kwenye pete ya kwanza ya fimbo, vikakwama. Mshipi ulikatika nchani kabla sijainua mkono. Samaki yule aliondoka na ndoana mdomoni, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana dakika tatu za kuunyoosha mshipi zingetosha kumwepusha nayo.

Tangu siku hiyo maandalizi yangu huanza na mshipi, halafu ndipo nafungua kisanduku cha nzi.

Katika uvuvi huu kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe. Nzi bandia ni manyoya na nyuzi, hana uzito wa kufika popote, kwa hiyo mshipi hutengenezwa mnene na mzito ili umbebe. Ndani kuna uti, mara nyingi wa nailoni, ama ya kusukwa ama ya uzi mmoja mnene. Juu yake kuna ganda la PVC au poliurithani. Urefu wote kwa kawaida ni kati ya mita 27 na 30. Uti na ganda vyote ni plastiki, na plastiki ikikaa imeviringwa kwa wiki kadhaa hukariri umbo hilo. Unapoutoa mshipi kwenye rili, unakuletea umbo la bobini, yaani kile kigurudumu cha ndani ya rili ulichoviringiwa.

Madhara yake hayaishii kwenye kukwama. Mshipi uliolala majini kwa mapindi ni mshipi uliolegea, hata kama wewe unaona umeukaza. Samaki anamchukua nzi, anagundua si chakula, anamtema, na mapindi yale ndiyo yanayonyooka badala ya taarifa kufika mkononi mwako. Wengi husema siku hiyo samaki hawakula. Inawezekana walikula, ila mshipi haukufikisha habari.

Kabla ya kutibu, jua ugonjwa ni upi, kwa sababu yapo mawili na watu huyachanganya. Shika mshipi kwa mikono miwili, uache kama nusu mita katikati, kisha isogeze mikono taratibu ikaribiane. Ukining'inia na kutengeneza kiduara tu, tatizo ni kukariri umbo la bobini. Pande mbili zikianza kuzungukana zenyewe kama kamba inayosokotwa, huo ni msokoto, na kuvuta peke yake hakutauondoa. Msokoto huja pale mshipi mpya ulipotolewa kwa ubavu wa bobini ya dukani badala ya kuacha bobini izunguke. Huja pia kwa nzi mwenye manyoya mengi anayezunguka hewani kama pia, hasa akifungwa kwenye ncha nyembamba kuliko inavyomfaa, au kwa mkono unaorusha nyuma kwa njia moja na mbele kwa njia nyingine. Dawa yake ni kumkata nzi, kuachilia mshipi wote kwenye maji yanayotiririka au nyuma ya mashua inayokwenda polepole, na kuuacha dakika chache ujizungushe wenyewe mpaka utulie. Pasipo maji, uburute kwenye majani safi yasiyo na mawe.

Linalofuata ni joto, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mishipi ya maji ya joto hutengenezwa kwa ganda gumu, na mara nyingi uti wa nailoni ya uzi mmoja, ili isilegee na kunata juani. Ipeleke kwenye kijito cha milimani asubuhi na itakuwa ngumu kama waya. Ya maji ya baridi nayo, ukiipeleka kwenye joto kali, hulainika, hunata kwenye pete na haiendi mbali. Soma kilichoandikwa kwenye boksi kabla ya kununua, usichague kwa rangi. Kama tayari unao na una shaka, kuna jaribio rahisi: weka mita kadhaa za mwanzo kwenye beseni la maji ya baridi kama yale ya huko uendako, acha dakika kumi, kisha zitoe na uzivute. Zikirudi kujikunja mara tu unapoziachia, heri ulijue hilo nyumbani.

Bobini yenyewe ina neno. Mshipi ulioviringwa kwenye kitovu, yaani sehemu yake ya katikati, chenye kipenyo cha sentimita 3 hujikunja duara lenye mzunguko wa kama sentimita 9 na nusu, na kwenye kipenyo cha sentimita 6 duara hilo huwa karibu sentimita 19. Duara pana hunyooka kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana rili za kitovu kikubwa zinafaa, lakini huna haja ya kukimbilia kununua nyingine. Jaza uzi wa akiba, ule mwembamba unaoviringwa kwanza, wa kutosha chini ya mshipi, mpaka mshipi wote ukishaingia ibaki nafasi ya milimita chache tu kabla ya ukingo. Rili nyingi nilizowahi kufungua zilikuwa na uzi wa akiba kidogo mno, na mshipi wa ndani ulikuwa umejibana kwenye kitovu kama kamba kwenye kigingi.

Usafi utakuchukua dakika kumi siku moja kabla: maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo, kitambaa, suuza, anika kivulini. Usitumie sabuni kali wala maji ya moto. Mafuta ya kujikinga na jua, dawa ya mbu na petroli huharibu ganda, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kuugusa. Wakati unapangusa, pitisha ukucha polepole. Ukihisi nyufa, ganda limezeeka na limepoteza vile vilainishi vilivyokuwa ndani yake. Mshipi wa namna hiyo hata ukiuvuta hausaidiki, nunua mwingine.

Sasa kuunyoosha kwenyewe, ambako ndiko moyo wa jambo zima. Watu huunyoosha jioni nyumbani, wakauviringa tena, wakalala. Asubuhi umeshaanza kurudia umbo lake. Fanya kazi hii ukingoni mwa maji, kabla ya kumfunga nzi. Kama una mwenzako, mpe ashike ncha, wewe rudi nyuma ukiuachia mshipi mpaka umefika urefu unaotegemea kurusha na mita chache za ziada. Kaza taratibu, bila kushtua, mpaka uhisi unanyumbuka kama mpira mgumu. Shikilia hapo sekunde kumi hadi kumi na tano, kisha legeza polepole. Huwa nafumba macho hapo, maana vidole huona vizuri zaidi: mwanzoni mshipi unasitasita, halafu unalegea kidogo na kutulia, na wakati huo ndipo umekubali. Kama uko peke yako, uzungushe kwenye nguzo laini au shina lisilo na magome makali, ushike pande zote mbili na kuvuta. Shina lenye magome litakukwangulia ganda. Na kama hakuna hata shina, vuta kipande kwa kipande kati ya mikono miwili, upana wa mikono yako kila mara, mpaka umalize.

Usiuzungushe mshipi vidoleni wakati wa kuvuta, unakata. Wala usitumie nguvu zako zote. Uti wa mishipi mingi hukatikia kati ya kilo 9 na 14, na ganda huweza kupasuka kabla ya hapo. Mshipi wa uti wa uzi mmoja ndio mkaidi kuliko yote. Huo utaunyoosha kila asubuhi, na pengine tena mchana ukiwa umeuacha kwenye rili ulipokuwa unakula. Kuna mishipi yenye uti usionyumbuka. Hiyo usilazimishe. Iloweshe kwenye maji ya uvuguvugu kisha uvute kwa upole.

Kipande cha mbele, ile nailoni nyembamba inayoungana na nzi, nacho hujikunja, na wengi hukisahau. Kiloweshe kwanza, kwa sababu nailoni hunywa maji kidogo na kulainika. Kisha kipitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, ukibana kiasi, mpaka joto la vidole linyooshe pindi. Usisugue haraka. Joto la msuguano hudhoofisha nailoni, na utajua hilo samaki akishavuta. Florokaboni, plastiki nyingine inayotumika kwa kipande hicho, hainywi maji kama nailoni, hivyo kulowesha hakuisaidii sana. Itahitaji kuvutwa kwa muda mrefu zaidi. Angalia hasa karibu na mafundo, maana pindi dogo hapo hugeuza namna nzi anavyotua.

Ukishamaliza, rusha mara tatu nne bila nzi, ukivuta mshipi wote ndani na kuutazama unavyolala majini au kwenye majani. Ukilala wazi na mpana, funga nzi. Ukijikunja tena palepale, rudia kipande hicho tu.

Na safari ikiisha, usiuache mshipi kwenye rili ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ukijua hutavua kwa miezi, utoe kwenye rili, uviringe kwa duara pana kama sahani kubwa, ufunge kwa kamba laini sehemu mbili tatu bila kubana, na uutundike mahali pakavu, penye giza. Weka alama upande unaoungana na kipande cha mbele. Hata mkanda mdogo wa rangi unatosha, ili utakapourudisha usije ukauviringa kinyume.