Yale Maandishi Yaliyovimba: Jinsi ya Kutumia Cooper Black

Wateja wangu wa mabango na stika hapa Mwenge, Dar es Salaam, hawaijui kwa jina. Wanasema, "Kaka, niwekee yale maandishi yaliyovimba kama maandazi." Fonti hiyo ni Cooper Black. Aliichora Oswald Cooper wa Chicago, ikatoka mwaka 1922, na mpaka leo hakuna inayouza juisi kama yeye.

Kabla hujaitumia, andika "maandazi" kwa herufi ndogo, ulikuze lijae kioo cha kompyuta. Hakuna kona hata moja. Miguu ya m imefura kama tairi la kirikuu kilichojaza saruji. Halafu angalia tundu la a lilivyo dogo. Hapo ndipo balaa linapoanzia, maana Kiswahili chetu kina a kila mahali, na ukichapa kwa udogo wino unaziba matundu yote. Kwenye kadi ya biashara mimi siiweki kabisa, labda jina la duka tu.

Kwa hiyo ipe neno moja, yakizidi mawili. "Juisi" inapendeza. "Tunatengeneza na kusambaza" inakuwa foleni ya viroba. Namba ya simu, bei na "tupo nyuma ya sheli" viandike kwa fonti nyembamba ya kawaida. Na usiandike yote kwa herufi kubwa, utamu wake uko kwenye a, g na s ndogo.

Bango la kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara nalipimia hivi: kila mita 3 za umbali, sentimita 2.5 za urefu wa herufi. Mita 30, basi sentimita 25. Likishachapwa, vuka barabara ulitazame mwenyewe.

Inaponinogea zaidi ni stika za bajaji. Stika yenye ncha kali hubandukia nchani: vumbi linaingia, muosha bajaji anasugua, ncha inainuka. Hii ya mviringo haina pa kuanzia. Sogeza herufi zikaribiane ila zisigusane, la sivyo plota, ile mashine ya kukata stika, itazikata zikiwa zimeshikana na utashinda na wembe mkononi. Ukiona o na s zimeshuka kidogo chini ya mstari, ziache, ndivyo zilivyochorwa. Fundi wangu aliwahi kuzinyanyua zote zilingane na rula, neno likaonekana linarukaruka.

Pa kutoiweka? Msibani. Siku moja nilikuwa na haraka, nikaandaa benna la "Pumzika kwa amani" juu ya faili la duka la vinywaji nililotoka kulimaliza, fonti ikabaki ileile. Mzee wa familia alikuja kulichukua, akalikunjua, akalitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Kijana wangu, hili ni la msiba au la aiskrimu?"

Nikachapa upya, mita 3 nzima, kwa hela yangu.