Kabla ya kutupa ndoana Ziwa Viktoria: upepo, maji na chambo

Mtu anayejiandaa kwenda kuvua kwa ndoana katika Ziwa Viktoria, iwe upande wa Mwanza, Mara, Geita au Kagera, kwa kawaida huanza kwa kuuliza chambo. Swali hilo lina haki yake, ila mahali pake ni baadaye. Chambo kilekile kilichomnasa sangara pembeni mwa jabali fulani mwezi Machi kinaweza kukaa majini usiku kucha mwezi Julai bila kuguswa, na sababu haimo katika chambo bali katika maji yenyewe: joto lake, hewa iliyomo, tope lililoletwa na mito na upepo uliovuma siku mbili kabla. Maji ndiyo yanayoamua samaki awe wapi na atafute chakula kwa jicho au kwa pua. Chambo huchaguliwa baada ya hapo.

Jambo la kwanza ni upepo, kwa sababu unahusu uhai wa mvuvi kabla haujahusu samaki. Ziwa hili lina eneo la takriban kilometa za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na maji mapana yasiyo na kina kirefu huumuka haraka sana upepo unapoyapiga. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani. Usiku mambo hugeuka, nchi kavu hupoa, na pepo za pande zote hukutana katikati ya ziwa na kuinua hewa yenye unyevu inayozaa mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba mbaya za ziwani hupendelea usiku wa manane hadi alfajiri, hasa upande wa magharibi, na ndiyo maana Bukoba hupata mvua takriban mara mbili ya ile ya Mwanza. Upande wa Musoma mvuvi anapaswa kuangalia zaidi mawingu yanayojengeka mashariki alasiri na jioni. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe jioni kabla ya safari na usomwe tena kabla ya kusukuma mtumbwi, kisha maneno yake yalinganishwe na yale ya wazee wa mwaloni, mahali mitumbwi inapotia nanga, ambao wanaujua mwamba unaovunja mawimbi na ghuba ya kujificha. Penye shaka, safari iahirishwe. Sijaona samaki wa thamani ya kubishana na dhoruba ya usiku.

Jaketi okozi livaliwe tangu mwaloni, lisiwekwe chini ya ubao wa kukalia kwa kusubiri hatari. Mtu mmoja wa nchi kavu aachiwe maelezo ya upande mnakoelekea, idadi yenu na saa mnayotarajia kurudi. Tochi, filimbi, kasia la ziada, chombo cha kukombea maji na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji ni vitu vya lazima hata kwa mtumbwi wenye injini.

Baada ya upepo, liangaliwe jambo ambalo wavuvi wageni hulisahau kabisa, nalo ni hewa ndani ya maji. Kuanzia Septemba hivi hadi mwanzoni mwa Mei, ziwa hujigawa katika matabaka: maji ya moto hukaa juu, yaliyopoa hukaa chini, na kwa kuwa hayachanganyiki, yale ya chini katika sehemu zenye kina kirefu huishiwa oksijeni kadiri mimea na viumbe vilivyokufa vinavyooza sakafuni. Sangara hastahimili maji ya namna hiyo. Katika miezi hiyo hupanda juu au husogea karibu na visiwa, miamba na midomo ya ghuba, na ndoana iliyoshushwa hadi sakafuni kwenye kina cha mita 50 inavua mahali pasipo na mtu wa kuila. Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusini mashariki hupoza uso wa ziwa na kulikoroga hadi chini. Oksijeni hufika kote, na sangara hutawanyika kwenda kilindini. Anayevua kwa mtumbwi mdogo karibu na ufukwe atapata shida zaidi msimu huo, na ni bora aelekeze nguvu zake kwa sato au kambare kuliko kulaumu ndoana.

Wakati mwingine dhoruba husukuma maji yasiyo na oksijeni hadi ndani ya ghuba kwa ghafla, na asubuhi huonekana sangara waliokufa wakielea huku samaki wengine wakihema juu ya maji. Hapo pasivuliwe, na samaki waliokufa wasiokotwe kwa kuliwa wala kwa kuuzwa. Mvuvi ahamie upande wenye mawimbi na maji safi. Vivyo hivyo penye mwani uliotanda juu ya maji kama rangi ya kijani iliyomwagika, kwa sababu baadhi ya mwani huo hutoa sumu, na maji yake hayafai kunywewa wala kuoshea samaki.

Rangi ya maji nayo ina kipimo chepesi. Chukua mfuniko mweupe wa ndoo ndogo, ufunge jiwe chini yake na kamba juu, uushushe taratibu upande wa kivuli wa mtumbwi hadi usionekane, kisha pima urefu wa kamba iliyolowa. Mfuniko ukipotea kabla ya nusu mita, samaki wa mahali hapo hawaoni mbali na watakitafuta chakula kwa harufu na mtikisiko. Ukionekana hadi mita moja na nusu au zaidi, chambo kinachong'aa na kinachotembea kina nafasi nzuri, na mshipi mnene utaonekana pia. Wakati wa masika, mito kama Simiyu, Mara na Kagera humwaga tope jingi ziwani, na mpaka kati ya maji ya tope na maji safi huonekana kwa macho. Mpaka huo ni mahali pa thamani kubwa. Samaki wadogo hujificha upande wa tope, na sangara huwangoja upande wa maji safi.

Sasa chambo. Sangara ni mwindaji, na hakuna kinachomvuta kuliko samaki mdogo aliye hai. Furu, samaki wadogo wa ziwani, hutumika sana, lakini hufa upesi ndoo ikipata joto. Kambare wadogo huvumilia zaidi kwa sababu wana uwezo wa kuvuta hewa juu ya maji, na ndiyo maana katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa hili kuna watu wanaofuga vifaranga vya kambare ili kuviuza kwa wavuvi wa migonzo, yaani mishipi mirefu yenye ndoana nyingi. Napendekeza kwa moyo wote chambo cha kufugwa. Chambo kinachokusanywa kwa kokoro (wavu wa kukokotwa ufukweni) au chandarua kwenye majani ya ufukweni huzoa pamoja nacho vifaranga vya sato na sangara wa kesho, na mvuvi anayekinunua anashiriki kuua ziwa analolitegemea. Ndoo ya chambo iwe pana, ifunikwe kwa kitambaa kilicholowa, maji yabadilishwe kidogo kidogo badala ya kumwagwa yote kwa mara moja, na samaki wasirundikwe.

Namna ya kumvisha samaki ndoana ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mshike kwa mkono uliolowa ili usimkwangue utelezi wake, ingiza ncha ya ndoana mgongoni, chini kidogo ya pezi, upitishe katika nyama iliyo juu ya uti wa mgongo bila kuugusa, na uiache ncha ikiwa wazi upande wa pili. Uti ukiguswa, samaki hupooza na kuning'inia. Ukikwepwa, ataogelea kwa saa kadhaa na mtikisiko wake utamwita sangara kutoka mbali. Kwa anayevuta mshipi nyuma ya mtumbwi unaotembea, ndoana ipite kwenye midomo yote miwili ili samaki aende kichwa mbele. Ndoana isiwe ndogo kuliko namba 9; kumbuka kwamba kadiri namba inavyopanda ndivyo ndoana inavyopungua, na zile ndogo huwanasa wachanga. Kipande cha mwisho cha mshipi, karibu na ndoana, kiwe cha nailoni nene, kwa kuwa kinywa cha sangara kina ukwaru kama msasa na kingo za mashavu yake hukata. Muda wake mzuri ni machweo hadi usiku, na usiku wa giza, dagaa wanapokusanyika kwenye taa za wavuvi, sangara huwa hawako mbali.

Sato hataki haya. Mdomo wake ni mdogo, hula mwani, wadudu na mabaki, na huonja kabla ya kumeza, hivyo ndoana iwe ndogo, mshipi mwembamba, chubwi jepesi na chelezo kinachozama kwa kuguswa tu. Nyungunyungu aliyekatwa vipande hufaa sana, akivishwa hadi afunike ncha. Ugali wa dona uliopikwa ukawa mgumu, ukakandwa tena na unga wa ngano kidogo ili unate, hukaa kwenye ndoana muda mrefu kuliko ugali mtupu. Konzi mbili tatu za pumba zilizoloweshwa, zikitupwa mahali pamoja nusu saa kabla ya kuanza, huwakusanya. Asubuhi jua linapoanza kupasha maji ya kando ndiyo saa yake. Katika ghuba zenye mchanga, ukiona mashimo ya mviringo chini ya maji, hayo ni matandiko ya madume wakati wa kuzaliana. Majike hubeba mayai na vifaranga mdomoni na wakati huo hawali, kwa hiyo kuwasumbua pale hakukupi kitoweo na kunaharibu kizazi. Pasivuliwe.

Kambare ndiye rafiki wa maji machafu. Hutafuta chakula kwa sharubu zake, usiku, na hujali harufu kuliko umbo: utumbo wa kuku, maini ya ng'ombe yaliyoachwa yakauke kidogo juani, dagaa walioanza kunuka, au nyungunyungu wengi kwenye ndoana moja. Wapo wanaotumia hata kipande cha sabuni ya kufulia, lakini mimi sioni haja ya kutia sabuni majini wakati utumbo wa kuku hutupwa bure sokoni. Mvua za kwanza zikijaza mabonde, kambare na ningu hupanda mitoni na kwenye maji ya mafuriko kwenda kutaga. Ningu walipungua sana katika karne iliyopita kwa sababu ya nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito wakati huohuo, na mvuvi wa ndoana naye afanye vyema kuwapisha kwa wiki chache. Ukimpata kambare au gogogo, mshike nyuma ya miiba ya mapezi ya ubavuni, kwani hujeruhi vibaya. Kamongo mtolee ndoana kwa koleo, maana taya zake huvunja kidole.

Kwenye mito kuna mamba na viboko, na baadhi ya fukwe za ziwa nazo zina mamba. Mvuvi asisimame ndani ya maji, asikae mahali pamoja palepale kila siku, asiinamie maji kuosha samaki, wala asiache matumbo ukingoni. Njia iliyokanyagwa kutoka majini hadi kwenye majani ni ya kiboko, na jioni atairudia.

Kichocho nacho kipo katika maji yaliyotulia yenye majani, ambako konokono wake huishi, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri. Mabuti marefu ya mpira yavaliwe, na anayelazimika kuloa mara kwa mara apimwe kituo cha afya.

Upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za mwaka 2009 pamoja na marekebisho yake. Leseni ya mvuvi na ya chombo huulizwa kwa afisa uvuvi wa halmashauri, na kikundi cha BMU, yaani cha wanajamii wanaosimamia uvuvi wa mwaloni, hujua maeneo ya mazalia yaliyofungwa. Sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi, hivyo kibao chenye alama za sentimita kiwemo mtumbwini, na aliyepungua arudishwe majini upesi kwa mikono iliyolowa. Maji yanayoizunguka Rubondo, iliyo hifadhi ya taifa tangu 1977, hayavuliwi bila kibali cha TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Anayekwenda maziwa mengine asidhani taratibu ni zilezile: Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, na waliofunga safari bila kuuliza walirudi na vyambo vyao.

Barafu inunuliwe kabla ya chambo. Sangara aliyeachwa juani huanza kuharibika ndani ya saa chache, kwa hiyo atolewe matumbo na mashavu mapema, aoshwe kwa maji safi ya kilindini na alazwe tumbo likiwa chini ili maji ya barafu yasituame ndani yake.

Chambo hai kitakachobaki kisimwagwe kwenye bwawa, lambo au mto mwingine, hata kama ni furu wawili tu, kwa kuwa samaki na magonjwa yake huhamia hivyo katika maji yasiyowajua; kirudishwe kwa mfugaji aliyekiuza, au kipelekwe jikoni.